Msalaba ulimaliza damu za wanyama, sasa Walawi inatuhusu nini? Jibu langu kwa mleta mada

Shalom wapendwa. Mleta mada umeuliza mambo mawili: kama Yesu alishakufa mara moja tu kwa nini tuhangaike na Walawi, kile kitabu cha Agano la Kale chenye sheria za dhabihu, halafu kwa nini kila Jumapili tunaambiwa tulete dhabihu madhabahuni na kinachotakiwa ni hela tu. Mimi naongoza kipindi cha Biblia kwenye jumuiya yetu na Walawi tumeisoma sura kwa sura, tena nimekulia kwenye familia ya wafugaji huku Singida, kwa hiyo nivumilieni nitaandika kirefu maana hili jambo linaniuma.

Kwanza tuondoe hili wazo kwamba dhabihu ilikuwa ni kumlipa Mungu ili atoe baraka. Zaburi ya 50 Mungu mwenyewe anauliza kwani mimi nakula nyama ya mafahali, nakunywa damu ya mbuzi? Nikiwa na njaa nisingekwambia wewe, wanyama wote ni wangu. Na Walawi 17:11 inasema damu nimewapa ninyi juu ya madhabahu, yaani yeye ndo anatoa, sio sisi tunaompelekea kitu alichopungukiwa. Ukishaelewa hapo, mahubiri mengi ya siku hizi ya toa ili upate yanakosa pa kusimama.

Sasa angalia ilivyokuwa inafanyika. Walawi 1:3-5, mtu analeta mnyama dume asiye na kilema, anaweka mkono juu ya kichwa chake, halafu anachinja mwenyewe, kuhani kazi yake ni kuipokea damu na kuipeleka madhabahuni. Wafugaji mtanielewa, dume asiye na kilema ndo huyo huyo unayemtegemea apande majike zizini, mwenye kuchechemea ndo tungemtoa kwa moyo mweupe. Na mbuzi ukimshika kichwani kabla hajachinjwa unausikia moto wa mwili wake, unasikia anavyohema, halafu dakika chache baadaye ametulia na mikono yako ina damu hadi kwenye viwiko. Mtu aliyefanya hivyo kwa ajili yake mwenyewe hawezi kusema dhambi ni jambo dogo, na ndo maana nasema anayeusoma msalaba bila Walawi anaimba "damu ya Yesu" kwa mazoea tu.

Lakini hata huko damu haikutosha kwa kila kitu, na hili wengi hawalijui. Walawi 4 sadaka ya dhambi inahusu aliyekosa pasipo kukusudia. Anayefanya kwa makusudi na kiburi, Hesabu 15:30 inasema akatiliwe mbali, yaani aondolewe kati ya watu wake, hatajiwi mnyama wa kuleta. Ndo maana kwenye Zaburi ya 51, ile ya mfalme Daudi baada ya kuzini na Bathsheba, mke wa mtu, unamsikia akimwambia Mungu hupendezwi na dhabihu, au ningeitoa, anabaki na moyo uliopondeka tu. Pengo hilo ndo Waebrania 10 inalizungumzia, kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, na Kristo akajitoa mara moja. Kwa hiyo mleta mada uko sahihi, imekwisha, na hekalu lenyewe la Yerusalemu Warumi walilibomoa mwaka 70 baada ya Kristo. Ukristo hauna mnyama wa kuchinja kwa ajili ya dhambi, na mtu akikwambia uchinje kondoo ili ufunguliwe vifungo, huyo mkimbie.

Kilichobaki ni nini basi? Kwangu mimi ni viwili, na vyote tumevisahau.

Cha kwanza ni kurudisha. Walawi 6:1-7, mtu amedhulumu mali ya mwenzake, kabla ya kuleta kondoo wa sadaka ya hatia anatakiwa arudishe chote na aongeze sehemu ya tano juu yake. Yesu kwenye Mathayo 5:23-24 anasema vile vile, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka hapo hapo ukapatane kwanza, na wale waliokuwa wanamsikiliza walikuwa Galilaya, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Yerusalemu, piga picha mtu anaiacha sadaka yake pale anarudi kijijini kupatana! Tuliposoma sura hii kwenye jumuiya, ndugu mmoja aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana alinyamaza kipindi kizima. Alishatubu zamani, tulishamwombea na kusema amina. Mwisho wa mwezi akawapelekea wanakikundi laki sita, maana alikula laki tano na sehemu ya tano yake ni laki moja. Kuna mama pale alilia, kwa sababu hela yake ya ada ya mtoto ilikuwa humo. Ile toba ya kwanza ilituhusu sisi na Mungu, huyo mama ilimwacha nje.

Cha pili ni kula pamoja, na hapa ndo Walawi inanifurahisha zaidi. Sadaka ya amani mafuta yanateketezwa kwa Bwana, kidari na paja la kulia vinaenda kwa makuhani, nyama yote inayobaki ni ya aliyeleta. Na ikiwa ni ya shukrani, sura ya 7:15 inasema iliwe siku hiyo hiyo, isibaki hadi asubuhi. Ng'ombe mzima siku moja! Familia peke yake haiwezi, lazima uite watu, na Kumbukumbu 12 na 16 inawataja watumwa, Mlawi (mtu wa kabila la Lawi, lililohudumu kwenye ibada), mgeni, yatima na mjane. Yaani sheria yenyewe inakulazimisha usifurahi mwenyewe. Paulo anaishika hiyo hiyo kwenye 1 Wakorintho 10:18 kabla ya kuwakemea Wakorintho kwa sababu kwenye meza ya Bwana huyu ana njaa na yule amelewa.

Makanisa yetu mengi ya huku watu bado wanaleta kuku, mayai, ndizi, hata mbuzi, na baada ya ibada kunakuwa na mnada pale nje. Sipingi mnada, kanisa lina mahitaji. Ila mbuzi wa shukrani anauzwa kwa mwenye uwezo anapakiwa kwenye gari, na mjane aliyekaa benchi la nyuma anarudi nyumbani kupika mlenda kama jana. Sisi jumuiya yetu mtu akiwa na shukrani siku hizi tunapika, tunakula wote siku hiyo, na majirani wasiosali kwetu wanaitwa.

Na kuhusu hela za madhabahuni, someni 1 Samweli 2:12-17, wana wa kuhani Eli walikuwa wanataka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana, na ukikataa wananyang'anya kwa nguvu. Biblia inaiita dhambi kubwa sana, na walioifanya walikuwa makuhani.

Mwenye nia ya kuanza Walawi asianze sura ya 1, atachoka. Anza na ya 7 kuanzia mstari wa 11, halafu nenda moja kwa moja Waebrania 13:15-16, kisha ndo urudi mwanzo. Mwenye swali aweke hapa, nitajibu jioni nikitoka shamba.