Muulize Fundi Umeme: "Corolla inazima ikipata moto"

Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A. Asubuhi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto, hasa kwenye foleni ya mchana, inazima ghafla. Napiga stata, inazunguka tu. Nikisubiri nusu saa inawaka kama kawaida. Fundi wangu alisema pampu ya mafuta, nikanunua. Akasema plagi na filta, nikanunua. Sasa anasema kontrolboksi. Nisaidie kabla sijaliuza. – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, usinunue. Na ile pampu ya zamani kama bado ipo, itunze, maana nina wasiwasi ilionewa. Ninachoshuku mimi ni mfumo wa cheche: koili inayotoa umeme mkali wa cheche, au ignaita inayoiwashia na kuikatia umeme, au ile sensa ndogo ya mzunguko iliyo ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi. Vitu hivi vikizeeka vinafanya kazi vikiwa baridi na kugoma vikichemka. Vikipoa vinarudi kazini, halafu fundi anayekuja amechelewa anakuta gari zima.

Kwa nini fundi wako alikimbilia kwenye mafuta? Toyota nyingi za umri huo zina mtego. Ukifungua switchi bila kupiga stata, pampu haingurumi. Inangoja injini izunguke. Fundi anatega sikio kwenye tangi, anasikia kimya, anatangaza msiba. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Kila ignaita inapopiga cheche, inarudisha taarifa kwenye kontrolboksi kwamba kazi imefanyika. Taarifa hiyo isipofika, kontrolboksi inafunga nozeli ili petroli isijae kwenye silinda bila kuungua. Kwa hiyo ugonjwa ni wa umeme, lakini ukichomoa plagi unaikuta kavu, na kila mtu anaapa kwamba mafuta hayafiki.

Weka kwenye gari plagi moja ya zamani na kipande cha waya. Siku likizima, shuka hapohapo, usingoje lipoe. Dakika hizo ndizo pekee ambazo gari lako linasema ukweli. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye ile plagi ya zamani, ilaze sehemu yake ya chuma iguse injini, kisha mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono, itakurusha. Na kama unasikia harufu ya petroli iliyomwagika, usijaribu kabisa. Ukiona cheche ya bluu yenye nguvu, nimekosea mimi na urudi kwenye mafuta. Usipoona kitu, tuko pamoja.

Kisha fungua kile kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Chini ya kifuniko kuna mchoro wa matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa waya wako, hayo mawili tu, usibahatishe mengine. Zima AC, weka gia kwenye P, fungua switchi bila kuwasha, kisha uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14: taarifa ya ignaita haifiki. Ikitoa 12 au 13, ni ile sensa ya mzunguko ndani ya distributa, au waya wake. Ukisahau kuzima AC utapata 51, na nawajua watu waliouziwa sensa ya kanyagio kwa sababu ya hiyo 51.

Kama hutaki kungoja foleni, azima draya ya saluni. Washa gari likae sailensa, yaani lingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, upulize joto taratibu kwenye distributa, halafu kwenye ignaita kama kwako imefungwa pembeni. Likizima ukiwa umelenga kimoja, umempata.

Ukienda Gerezani au Shaurimoyo, Dar es Salaam, kutafuta ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Linganisha namba na idadi ya pini. Maneno ya muuzaji "hii inaingia" hayatoshi. Na distributa ikiwa imefunguliwa, tazama ndani kama kuna oili. Ile ringi ya mpira kwenye shina lake ikikauka, oili inapenya na kuozesha waya, na hiyo mpya nayo itakufa.

Kaka fundi, mimi ni mwalimu, Mwanza. RAV4 yangu ya milango mitatu nikiipaki Ijumaa, Jumatatu stata inalia tik-tik tu. Nimeshabadilisha betri na sasa naambiwa alteneta.

Mwalimu, betri yako inanyonywa usiku. Nunua mita ya umeme, ile ndogo ya kawaida. Bei yake haizidi ya kuku wawili wa kienyeji. Asubuhi kabla ya kugusa switchi, pima betri. Iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Washa gari upime tena. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, alteneta inachaji, na huyo anayekuambia ununue nyingine akuonyeshe kwanza alichopima.

Lakini kuna kosa moja la alteneta ambalo kipimo hicho hakilioni. Gari likiwa limelala usiku kucha, shika alteneta alfajiri. Ikiwa na uvuguvugu wakati injini ni baridi, diodi zake zinavujisha, na umeme unarudi nyumanyuma kutoka kwenye betri. Hapo nitakubali ifunguliwe.

Alteneta ikiwa baridi, fungua waya wa nega (hasi) wa betri, weka mita kwenye ampea 10, kisha uiunganishe katikati ya waya huo na betri ili umeme upitie ndani yake. Milango iwe imefungwa, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakwenda. Subiri kama nusu saa mitambo ilale. Gari la namna yako likila miliampea 50 au chini ya hapo, halina neno. Likila nusu ampea, betri ya ampea-saa 60 inakauka kabisa kwa siku tano, na stata inagoma mapema kuliko hapo. Chomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke. Mimi ningeanza na redio na alamu, hasa kama vilifungwa na kijana wa barabarani kwa kusokota waya na kuzungushia tepu. Alamu hizo zimenilisha miaka mingi, siwezi kuzisema vibaya sana.

Land Rover ya mzee, hapa Pangani: nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma inawaka hafifu. Balbu ni mpya.

Ethi. Taa ya nyuma imekosa njia ya kurudisha umeme, sasa unapitia kwenye balbu ya jirani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma, na nyinyi mna upepo wa chumvi. Hizo tatu zikikutana bolti inaota unga mweupe. Fungua, piga msasa mpaka ing'ae, funga, paka grisi juu. Ukiwa hapo chini, angalia na ule waya mnene wa ethi unaotoka injini kwenda chesisi.

Habari fundi. Nina Peugeot 504 ya marehemu babu, Machakos. Platini zinaungua baada ya wiki chache, gari linamisi na kupiga mshindo nyuma. Mafundi wa hapa wananiambia niliuze kwa wenye vyuma chakavu.

Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson lipimwe kilo? Waambie wakae mbali nalo.

Pole kwa babu. Ukibadilisha platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa koili, peke yake utaendelea kununua. Badilisha na kondensa, ile kopo ndogo yenye waya mmoja. Ikifa, cheche zinarukia kwenye platini badala ya plagi, nyuso zake zinakuwa za bluu na vishimo. Kondensa mpya za siku hizi nyingi ni mbovu kutoka dukani. Ukipata ya zamani iliyo nzima, ichukue. Weka mwanya wa milimita 0.4 kwa fila geji, si kwa kukadiria na jicho.

Zikiungua tena, pima koili kati ya pini zake mbili ndogo, waya zikiwa zimetolewa. Ukipata kama omu 3, sawa. Ukipata 1.5 hivi, hiyo imetengenezwa kutumika na rezista ya nje, yaani kipunguza umeme, na pengine kuna aliyeifunga bila kuiweka. Koili inapitisha umeme mwingi kupita kiasi, na platini ndizo zinazolipa. Tafuta rezista, au weka koili ya omu 3, kisha uniandikie ilivyokwenda.