Kipimo cha mkojo ni safi, lakini damu bado ipo

Dada wa Muheza, pole. Umesema kijana wako wa miaka 9 anamaliza haja ndogo kwa matone ya damu, na kipimo cha jioni hakikuona kitu. Usiridhike nacho. Huenda ni kichocho, ugonjwa wa minyoo, na mayai ya minyoo hiyo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mkojo wa jioni huyakosa kirahisi.

Mrudishe kwenye saa 5. Akimbiekimbie kidogo kwanza, kisha akinge mkojo wa mwisho: yale matone mekundu ndiyo yenye mayai. Mililita 10 zatosha. Ufike maabara papo hapo, ukikaa mayai huanguliwa.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600, akiwa ameshakula. Mhudumu ampime uzito, usikisie. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8. Akirudi kuogelea mtoni ataupata upya (baharini hapana, konokono anayeueneza ni wa maji yasiyo na chumvi).

Homa, maumivu ya kiuno au mkojo kuziba: hospitali siku hiyohiyo.