Kudumu katika maombi mambo yakiwa shwari

Salamu katika Bwana, dada. Umeeleza kwamba mtoto alipolazwa uliomba usiku na mchana, lakini tangu apone maombi yamekatika, na kila alfajiri unatoka Kayole mbio kuwahi kazi mjini.

Kwanza angalia kama maombi yana saa yake katika siku yako, kwa sababu shida hujitafutia saa yenyewe, ilhali siku ya kawaida hujaa shughuli nyingine. Danieli, katika sura ya 6, alikuwa akiomba mara tatu kwa siku kabla ya amri ya mfalme iliyokataza kumwomba yeyote ila mfalme mwenyewe, na ilipotiwa sahihi aliendelea vilevile. Mimi nimeambatanisha maombi na mambo nisiyoyakosa: chai inapochemka nasema Baba Yetu polepole, nikitua kwenye ombi la riziki ili nitaje kodi ya nyumba ya mwezi huo; ndani ya matatu, kabla makanga hajaanza kukusanya nauli, nawaombea watu wawili watatu kwa majina, kimoyomoyo, macho yakiwa wazi.

Lakini usianze na orodha ndefu ya mahitaji. Anza na shukrani, ukitaja jambo lenyewe: homa iliyoshuka, usiku aliolala bila kukohoa, uji alioumaliza. Naamini hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa kuwa tumezoea kuomba mahitaji tu, na kilio kikiisha tunakosa la kumwambia Mungu.

Kuhusu kudumu katika maombi kwa wanaofanya kazi zamu za usiku, sina uzoefu. Wenye kuzifanya watujuze.