Maneno 12 ya Waleti: Kariri Ukipenda, Ila Kwanza Andika

Hapa Kampala vijana wengi wenye Bitcoin huniambia maneno yao 12 ya siri, yale ya kurejesha waleti (programu inayotunza sarafu hizo), wameyaweka kichwani tu. Sababu naielewa. Karatasi huibwa, chumba cha kupanga huwa na ufunguo wa pili kwa mwenye nyumba, na hakuna anayepekua kichwa mpakani Malaba. Lakini kichwa nacho huumia.

Binamu yangu aligongwa akiwa kwenye boda, akalazwa wiki kadhaa. Alipopata nafuu alitutambua sote, na maneno yake 12 akayataja bila kusita. Tukayaingiza, waleti ikafunguka, salio sifuri. Akalia akidhani ameibiwa. Kumbe alikuwa amekosea mpangilio. Neno la mwisho hubeba uhakiki mdogo sana wa kugundua makosa, biti 4 tu (yaani hali 16), kwa hiyo takriban mpangilio mmoja wa makosa kati ya 16 hukubaliwa kama sahihi na kukufungulia waleti nyingine, tupu. Tukabahatisha kwamba maneno mawili yamebadilishana nafasi. Jozi za kujaribu ni 66, tukazipitia kwenye simu isiyo na intaneti, tukilinganisha anwani na ile niliyowahi kumtumia fedha, mpaka ikapatikana. Angevuruga mpangilio wote, ingekuwa mipangilio 479,001,600.

Tena orodha ya maneno 2,048 ya BIP39, kiwango cha maneno haya ya siri kilichotoka 2013, haina toleo la Kiswahili. Wengi wetu tunakariri Kiingereza tusichokiongea nyumbani, na neno usilolitumia ndilo la kwanza kutoroka.

Karatasi ni mwanzo mzuri, ila moto na mafuriko haviichagui. Mimi napendelea chuma. Nenda Katwe, mafundi watakukatia kipande cha chuma kisichoshika kutu. Usikubali alumini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na nyumba ikiungua moto hufika huko. Nunua au azima seti ya herufi za kugongea kwa nyundo, kisha ugonge mwenyewe, mlango umefungwa. Fundi akukatie chuma tu, maneno asiyaone. Kazi si kubwa: katika orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambulisha kila neno, basi ni herufi zisizozidi 48 na namba za mpangilio. Picha ya simu usipige kabisa, kwani hujui inakonakiliwa.

Gonga vipande viwili. Kimoja kwako, kingine kwa mtu wa damu unayemwamini, mbali na mtaa wako. Mkeo au mumeo ajue vipo na vinatumikaje, maana ukifa na maneno kichwani, fedha zimezikwa nawe.

Ukimaliza kugonga, weka kiasi kidogo kwenye waleti, ifute kwenye simu, kisha irejeshe kwa kusoma chuma chenyewe, herufi kwa herufi. Salio likionekana, ndipo uhamishie zilizobaki.