Nipe Asubuhi Tatu za Wiki

Jambiani, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote nilitoka nje nisije nikalia mbele ya bibi yako. Umeniuliza, uache kazi huko Muscat urudi tumlee pamoja bibi yako anayepoteza kumbukumbu, au tumwombee nafasi nyumba ya wazee Sebleni? Kwenye simu nilikwambia tutazungumza. Naona bora nikuandikie, maana nikizungumza bibi husikia jina lake, akaanza kuuliza nani kafa.

Nianze na Sebleni. Nyumba ile, na ya Welezo, na ya Limbani kule Pemba, Serikali inazitunza kwa ajili ya wazee wasio na jamaa wa kuwaangalia. Wanaoishi humo wana heshima zao, na usimsikilize shangazi yako anaposema ni watu waliotupwa. Bibi yako ana watoto wanne walio hai, na wajukuu nikiwahesabu nachoka. Tukimpeleka, tutakuwa tumechukua kitanda cha mwenye haki nacho. Halafu nyumba hii anaijua kwa miguu. Jina langu linampotea siku nzima, lakini gizani anafika chooni bila kupapasa ukuta. Mhamishe leo, hata hilo litampotea.

Kuacha kazi nako, hapana. Nimejiuliza mbona swali hilo umeliuliza wewe uliye ng'ambo, na kaka yako aliye mjini, safari ya daladala moja, hajaliuliza hata kwa utani. Mtoto wa kike ndiye huhesabiwa kuwa hana cha kupoteza. Mimi sitakubali ihesabiwe hivyo nyumbani kwangu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mwezi wa Rajabu, usiku mmoja, bibi aliamka mara ya tano akitaka kwenda kwao. Kwao ni hapa hapa, lakini yeye anaitaka nyumba ya mama yake ya makuti, iliyoanguka hujazaliwa. Nilikuwa sijalala usiku wa tatu ule. Nilimvuta mkono kwa nguvu nikamkalisha kitandani, akanitazama kama mtoto anayemwogopa mtu mzima. Asubuhi nilipomwogesha niliona alama za vidole vyangu juu ya kiwiko. Nikaendelea kummwagia maji pale pale pengine kwa muda mrefu, nisijue la kufanya.

Siku hiyo ndiyo niliyovuka uchochoro nikamweleza jirani yetu, yule mjane aliyekuwa akilima mwani na bibi. Nilitegemea anihukumu. Aliniambia tu, "Mimi nilimlea mume wangu miaka sita, nayajua." Akaja siku ile ile akakaa naye hadi adhuhuri, nami nikalala. Nilikuwa nimesahau kulala mchana kunakuwaje.

Tangu hapo nimejifunza kumtembeza. Akitaka kwao sibishani naye. Namvisha kanga, tunatoka hadi barazani, tunakaa, namuuliza kwao kukoje, ananisimulia muembe na kisima, kisha namwambia tumeshafika, tuingie ndani. Anaingia. Siku nyingine tunafanya safari hiyo mara nne.

Kuhusu pesa, usiwe na wasiwasi kama ulivyo. Unakumbuka pensheni jamii ilipoanza, Aprili 2016? Wewe ulikuwa hujaondoka. Kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70, awe alichangia mfuko au hakuchangia, alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi. Siku hizi ni 50,000. Mimi nimesomesha skuli maisha yangu yote na nina mafao yangu ya mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo wakati ule sikuelewa uzito wake. Bibi yako aliingia baharini kulima mwani tangu kilimo kile kilipoanza huku kwetu na Paje mwaka 1989, maji ya kiuno, mgongo umeinama, na hakuna aliyemkatia senti ya uzeeni. Siku ya malipo ya kwanza alirudi na noti kazifunga pindo la kanga, akalifungua mbele yetu sote, akalifunga tena. Akasema amepata mshahara. Alikuwa na miaka 75, kwa mujibu wa kitambulisho; kitambulisho kinasema kazaliwa 1 Januari, siku aliyoichagua karani.

Mpaka leo fedha ile nampa mkononi aifunge mwenyewe, kisha akilala naitoa nikanunue sabuni na pampasi za watu wazima. Haitoshi mwezi. Lakini kila mwezi kuna kitu ndani ya nyumba hii kinachotoka kwake, naye analijua hilo hata siku ambazo hajui mengine. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alitusaidia kuandikisha jina langu niwe nampokelea, bibi alipokuwa hawezi tena kwenda mwenyewe. Mwambie rafiki yako ambaye mama yake yuko Makunduchi aende kwa sheha na kitambulisho cha mkaazi. Mzee mwenye umri kamili asiyepokea, huenda ni kwa kuwa hakuna aliyemtembelea sheha kwa niaba yake.

Jambo jengine lazima ulijue, maana siku moja linaweza kukufika ukiwa na mimi. Mwezi uliopita bibi alibadilika ghafla, kwa siku mbili tu. Akawa anazungumza na watu wasiokuwepo, anachomoa nyuzi za shuka, hataki kula. Shangazi yako akataka aletwe mganga. Nilimpeleka kituo kimoja cha afya, nikaambiwa ni uzee, nimrudishe nyumbani nimpe uji. Sikuridhika. Uzee hauji kwa siku mbili. Nikampeleka pengine, daktari kijana akauliza swali moja ambalo yule wa mwanzo hakuuliza: mkojo wake ukoje? Akapimwa, ikaonekana ana maambukizi ya njia ya mkojo. Alitumia dawa siku saba, na siku ya nne akaniuliza kama samaki ameletwa. Daktari alinieleza kwamba kwa mtu mzima sana maambukizi kama yale yanaweza kuingia bila maumivu wala homa, yakaonekana kichwani kwanza. Kwa hiyo shika hili: kusahau kunakokuja polepole kwa miaka ni maradhi ya ubongo, hayo tunaishi nayo, mabadiliko ya ghafla ni ya kupelekwa spitali siku hiyo hiyo.

Hatukuitwa Wizara wala hakuna afisa aliyekuja kuniuliza mimi nalala saa ngapi. Mzee ana dirisha lake spitali, ana pensheni yake, ana siku yake ya tarehe 1 Oktoba na hotuba zake. Hata Jumuiya ya Wastaafu na Wazee, JUWAZA, imeyapigania hayo, Mungu awalipe. Anayemuosha huyo mzee hana orodha aliyoandikwa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka hapa anamlea mkwewe aliyepooza, na mwezi uliopita presha ilimuangusha yeye jikoni. Wakachukuliwa wawili kwa gari moja.

Basi nakujibu hivi. Nahitaji asubuhi tatu kwa wiki ambazo bibi yuko mikononi mwa mtu mwingine. Jirani yetu mjane yuko tayari, lakini sitaki aje kwa hisani, kwa sababu hisani ina siku inachoka na yeye ana wajukuu wa kulisha. Ile pesa unayotaka kununulia godoro la umeme, mlipe yeye kila mwezi, kwa tarehe maalumu, kama anavyolipwa mfanyakazi yeyote. Nimeshamfundisha kumlisha: bibi aketi wima, kidevu kiinamie kifua, kijiko kidogo, ameze ndipo kingine, asije akapaliwa. Yeye amenifundisha kumuinua bila kuumiza mgongo wangu, kwa kumfunga kanga kiunoni na kushika kanga badala ya makwapa.

La pili, mpigie mjomba wako. Mimi nikimwambia, ni dada anayelalamika. Wewe ni mpwa, una utani naye, atakusikia. Mwambie simtaki pesa. Namtaka yeye, usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, alale chumba cha mama yake, amtembeze barazani. Akisema mwanamume hawezi kumuogesha mama yake, mwambie kuogesha nitafanya mimi asubuhi, usiku ni kutembea tu. Na kaka yako mwambie vivyo hivyo, kwa zamu.

La tatu, likizo yako usiipeleke kwengine. Njoo wiki tatu, ukae nami, ushike usiku wewe nami nilale. Pengine hatakujua. Mara ya mwisho alipokusikia kwenye simu aliniambia yule msichana ana sauti ya watu wetu.

Nimeanza kwenda tena Jumatano kwenye kikundi cha kushona. Wiki iliyopita nilikaa hadi alasiri, hakuna aliyenipigia simu, na nilipofika nyumbani nikawakuta wawili barazani wanachambua mchicha, bibi anaweka mashina pamoja na majani na jirani anayatoa bila kusema kitu.

Ukija leta viatu vya raba, vyepesi, visivyo na kamba, namba 37. Alivyonavyo soli zimelika kwa safari za usiku.

Wako mama