Maswali yenu kuhusu kupanga programu: rekodi inayojirudia, senti zinazopotea na mengine

Maswali yamejaa safari hii na mengi yanatoka kwa wanaoanza kozi ya kupanga programu za biashara. Nimechukua yale yanayojirudia sana, mengine nayapitia haraka, mawili matatu nitakaa nayo maana ndo yanayowaumiza watu.

SWALI: Kaka, mwalimu wetu anatulazimisha tuandike sudokodi na tuchore flochati kabla hatujagusa kompyuta. Mi naona anatuchelewesha tu, si bora niandike Python moja kwa moja?

JIBU: Mdogo wangu, hapo nasimama na mwalimu wako. Sudokodi ni hatua za programu zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida, flochati ni hatua hizohizo kwa mchoro wa visanduku na mishale. Kuandika lugha kama Python utazoea ndani ya wiki chache, kinachochukua muda ni kujua kipi kinaanza, kipi kinafuata na wapi programu inatakiwa iamue. Na vipande vyenyewe ni vitatu tu: hatua zinazofuatana, kuchagua kati ya njia mbili, na kurudia. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa kompyuta, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kihesabu kwamba hivyo vitatu vinatosha kujenga mantiki ya programu yoyote ile.

Chukua zoezi la mshahara ambalo karibu kila mwanafunzi hupewa. Mtu akifanya kazi mpaka saa 40 analipwa kawaida, zikizidi, zile zilizozidi zinalipwa mara moja na nusu. Ukiwa na kalamu mkononi unaandika "kama saa ni zaidi ya 40" na palepale unajiuliza, aliyefanya 40 kamili yuko upande gani? Sasa ipitie kwa mkono na 39, na 40, na 41. Wa 41 anatakiwa alipwe kama aliyefanya saa 41.5, ikikutokea 61.5 ujue umezidisha saa zote badala ya ile moja iliyozidi. Kosa hilo kwenye karatasi unaliona kwa dakika mbili, kwenye kompyuta programu inakimbia vizuri kabisa bila kulalamika na wewe unaamini iko sawa. Kati ya sudokodi na flochati mi napenda sudokodi zaidi, maana flochati ikishakuwa kubwa mishale inapishana mpaka huelewi umeanzia wapi.

SWALI: Habari. Programu yangu inasoma faili la wafanyakazi na kuchapisha mshahara wa kila mmoja, ila mtu wa mwisho anatoka mara mbili. Nimekagua faili, yumo mara moja tu. Nimekesha nalo siku mbili sasa.

JIBU: Pole sana, na hongera kwa kukagua faili kwanza, wengi hawafanyi hivyo. Kosa lako nalijua hata bila kuiona programu yenyewe, maana karibu kila mtu amepita hapo. Nadhani umeandika hivi:

wakati faili halijaisha
   soma rekodi
   kokotoa mshahara
   chapisha

Sasa tuitembeze na rekodi tatu, 101, 102 na 103. Inasoma 101, inachapisha. 102, inachapisha. 103, inachapisha. Inarudi juu na kuuliza, faili limeisha? Hapa ndo penyewe. Kwenye lugha nyingi za programu, C ikiwemo, programu haijui kama faili limeisha mpaka ijaribu kusoma na kukosa. Imesoma tatu, zote zimepatikana, kwa hiyo jibu ni "halijaisha", inaingia tena ndani, inajaribu kusoma ya nne inakosa, lakini kukokotoa na kuchapisha viko chini yake na vinaendelea kama kawaida na data iliyobaki kwenye kumbukumbu, ambayo ni ya 103. Ndo huyo unayemuona mara mbili.

Dawa yake ni kusoma rekodi ya kwanza kabla ya lupu, yaani ile sehemu inayojirudia, afu kila inayofuata unaisoma mwishoni mwa lupu:

soma rekodi
wakati faili halijaisha
   kokotoa mshahara
   chapisha
   soma rekodi

Angalia kilichobadilika, sasa kila baada ya kusoma kinachofuata ni kuuliza kama faili limeisha, hakuna kitu kinachojipenyeza katikati. Na faida nyingine, faili likiwa tupu kabisa lupu haiguswi hata mara moja, wakati ile ya mwanzo ingejaribu kumlipa mtu ambaye hayupo. Ukitumia Python na ukaandika amri ya kurudia, for, juu ya faili, lugha inakufanyia haya yenyewe, ila ielewe tu, maana utaikuta tena kwenye kazi nyingine ambazo for haikusaidii.

SWALI: Hivi kutumia goto ni kosa kweli au ni watu tu wanakaririshana?

JIBU: Hawakaririshani. Goto ni amri inayoirusha programu kutoka ilipo mpaka mstari mwingine wowote. Machi 1968 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, alichapisha barua fupi akieleza kwamba msomaji wa programu anatakiwa aweze kujua imefika wapi kwa kufuata maandishi yenyewe, na goto inavunja huo uzi. Kile kichwa kikali cha ile barua, kinachosema goto ina madhara, hakukiweka yeye, alikiweka mhariri Niklaus Wirth ambaye baadaye akaunda lugha ya Pascal. Wewe unayeanza iache kabisa. Kuna mafundi wa C wanaitumia kutoka haraka kwenye fanksheni (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) pakitokea kosa na wana sababu zao, ila hao wanajua wanachokivunja.

SWALI: Dada mmoja kazini ameniambia nisitumie namba za kawaida zenye desimali kwenye hesabu za pesa. Kwani shida iko wapi?

JIBU: Huyo dada mshukuru, kakuokoa. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2, itakupa 0.30000000000000004. Kompyuta inahifadhi hizo namba kwa mfumo wa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, na moja ya kumi kwenye mfumo wa mbili haiishi, kama vile wewe ukiandika theluthi kwa desimali unapata 0.333 bila mwisho, lazima ukate mahali. Kwenye muamala mmoja huoni kitu, kwenye miamala maelfu jumla yako na ya mhasibu zinaachana, na mhasibu hatakuelewa hata umweleze mfumo wa mbili mpaka jioni.

Njia mbili ziko salama. Ya kwanza, hifadhi pesa kama namba nzima kwa kipimo kidogo kabisa, yaani senti, na desimali uiweke wakati wa kuonyesha tu. Ya pili, tumia aina ya namba inayohesabu kwa mfumo wa kumi, Python ina Decimal na Java ina BigDecimal. Ila kwa Decimal andika Decimal('0.1') yenye alama za kunukuu, maana ukiandika Decimal(0.1) unaipa namba ambayo imeshaharibika. Afu kaulize wenye hesabu zao wanakadiria (yaani kukata desimali zilizozidi) kila mstari au kwenye jumla tu, hilo usiamue wewe, majibu yanatofautiana kweli.

SWALI: Nitajuaje fanksheni yangu imekuwa kubwa mno? Kuna idadi ya mistari?

JIBU: Wapo wanaotaja idadi, mi naangalia jina. Ukishindwa kuipa jina bila kuweka "na" katikati, mfano soma_na_kokotoa_na_chapisha, ujue hizo ni tatu. Na kipimo cha pili ni vitu inavyohitaji kutoka nje: fanksheni ya kukokotoa kodi ya mshahara inatakiwa ipewe mshahara irudishe kodi, basi. Ikianza kuchungulia faili au kubadilisha variabo za juu (hifadhi za data zinazotumiwa na programu nzima) huwezi tena kuitesti peke yake.

SWALI: COBOL imekufa au nijifunze?

JIBU: Haijafa. Ni lugha ya programu za biashara iliyobuniwa 1959 na bado kuna mabenki na serikali zinaitegemea kwa kazi za kila siku. Usianze nayo, ila ukipata nafasi isome.

SWALI: Shikamoo. Nina ripoti ya mauzo kwa idara, kila idara na jumla yake ndogo. Idara zote zinatoka sawa isipokuwa ya mwisho, jumla yake haitoki kabisa.

JIBU: Marahaba. Hili nalipenda kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe kwenye ripoti yangu ya kwanza ya kazini, na aliyegundua ni mhasibu, jumla kuu ilikuwa inapita zile ndogo zikijumlishwa.

Tuchukue rekodi tatu: A 10, A 15, B 20. Ripoti za hivi zinafanya kazi kwa kukumbuka idara iliyopita. Rekodi mpya ikija na idara tofauti, unachapisha jumla ndogo, unairudisha sifuri, unaikumbuka idara mpya. Kwa hiyo ukifika B, A inatoka na 25. Sasa B itatoka lini? Itasubiri rekodi ya idara C, na C haipo, faili limeisha. Hakuna mabadiliko ya kuiamsha. Ndo maana baada ya lupu lazima uchapishe jumla ndogo mara moja zaidi, na hiyo uiweke kwenye fanksheni yake ili uiite sehemu zote mbili bila kunakili.

Ukiwa hapohapo kagua mengine matatu. B ikitoka na 45 umesahau kurudisha sifuri. Ukiona jumla ya 0 juu kabisa ya ripoti, hukuichukua idara ya kwanza kutoka kwenye rekodi ya kwanza kabla ya lupu. Na A ikijitokeza mara mbili, mwanzoni na tena katikati, mantiki yako haina shida, faili ndo halijapangwa kwa idara, lipange kwanza. Ukimaliza ijaribu na faili lenye idara moja tu na lingine lisilo na rekodi hata moja, hilo la pili lisichapishe jumla ya idara yoyote.