Mabati mangapi, na pesa inaishia wapi

Ndugu, umeuliza kama mabati 60 yatatosha kuezeka upya nyumba ya mita 10 kwa 12. Hayatoshi. Paa ni kubwa kuliko sakafu: weka sentimita 60 za upenu kila upande, unapata 11.2 kwa 13.2, kwa mwinamo wa nyuzi 30 zidisha kwa 1.155, jumla mita za mraba kama 171. Bati la mita 3 linalofunika upana wa sentimita 75, ukitoa sentimita 15 za kupandana, linaziba mita za mraba 2.14. Hapo ni mabati 80, na kama paa lina kona nyingi ongeza 8 hadi 10 kwa vipande vitakavyokatwa.

Kinachopasua bajeti ni mbao. Kabla hujanunua chochote, panda darini uchome papi (mbao zinazopigiliwa mabati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa wameshakula, na msumari hautashika.

Geji, yaani namba ya unene wa bati, je? Chukua 28. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 32 hubonyea fundi akilikanyaga.

Misumari iwe na mpira, ipigwe juu ya mgongo, siyo bondeni maji yanakopita. Mabati ya zamani yaliyo mazima yauze, usimwachie fundi bure.